Shingo ya Koplo Okeny

Mtu akikwambia kwamba ngoma kubwa ni kazi rahisi, usibishane naye. Mfunge mikanda, mpe aibebe kutoka chini ya kilima cha Makindye mpaka kanisani, jua la saa saba likiwa kichwani, halafu umwulize tena. Hatakuwa na pumzi ya kukujibu, na mjadala utakuwa umekwisha.

Ninyi vijana wa bendi ya kanisa mmeniomba niwaandikie habari za kazi yetu, kwa sababu mnasema nikisimulia kwa mdomo napotea njiani. Ni kweli. Basi naandika, na nitapotea vilevile. Kwa mgeni atakayesoma: mimi naitwa Yokana Adriko, mzaliwa wa Arua, mstaafu wa bendi ya kambi. Nimevaa sare sehemu kubwa ya maisha yangu na sikuwahi kumfyatulia mtu risasi. Kazi yangu ilikuwa kupuliza, baadaye ikawa kupiga. Kati ya kupuliza na kupiga kuna meno mawili, na hasa nataka kuwaeleza habari za meno hayo.

Lakini kazi kwanza.

Aliyenifundisha tarumbeta ni Bandmasta Swaleh, Mungu amrehemu. Wazee wake walikuja Kampala zamani na biashara kutoka pwani, na ukoo mzima una maduka Kikuubo. Yeye peke yake akapenda tarumbeta. Nyumbani kwao walimwombea dua apone, hakupona. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na nyimbo za kanisani alizijua kuliko wachungaji wengi, maana askari akifa anazikwa kwa dini yake na bendi ni ileile moja. Akisema "Pumzi!" kambi nzima inavuta pumzi, mpaka wapishi.

Somo lake la kwanza halikuwa na tarumbeta. Anakupa kipande cha karatasi, unasimama karibu na ukuta, unakishikilia pale kwa pumzi tu, bila mkono. Kikianguka unaokota, unaanza tena. Wake za askari wakipita na madumu ya maji wanakuta wanaume wazima tumepangwa mstari tunapuliza ukuta, wanauliza kama umeungua. Ninyi siku hizi mna simu inayowaonyesha taa ya kijani sauti ikikaa sawa na nyekundu ikikosea. Ni kitu kizuri. Sisi tulikuwa na Bandmasta, na yeye taa ya kijani hakuwa nayo.

Mambo mengine ya kushika. Tarumbeta haisuguliwi kwa majivu, hata kama mama amesema majivu yanatakatisha sufuria. Mate yaliyokusanyika ndani unayamwaga chini, si juu ya kiatu cha mwenzako. Na usile karanga kabla ya gwaride. Mimi nilikula. Chembe ya karanga ikaingia kwenye vali, vali ikakwama, na mgeni rasmi akapigiwa saluti ya noti moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alisimama wima, mkono kwenye paji la uso, akatushukuru kwa muziki mzuri. Bandmasta hakunigombeza siku ile. Alinikataza karanga mpaka nilipostaafu.

Sasa Okeny. Koplo Okeny ni Mwacholi, mtu wa Gulu, mrefu, mcheshi, wakati ule alikuwa tarumbeta ya pili na mimi ya kwanza. Alikuwa anapuliza vizuri sana, na alikuwa anakunywa waragi vizuri vilevile. Wiki moja Bandmasta alitoa solo ya gwaride kubwa, akanipa mimi. Okeny alikwenda kantini mchana na nilipomfuata jioni nilimkuta amekunywa za watu watatu.

"Hiyo solo yangu," akasema.

"Solo ni ya aliyepewa," nikasema.

Ningeacha hapo, leo tungekuwa na habari nyingine. Lakini nilikuwa kijana na tarumbeta ilikuwa mkononi, nikaiweka mdomoni nimpigie kidogo, asikie ilivyo tamu. Nilipofika pale inapopanda juu, Okeny alinyoosha mkono akaupiga ule mdomo mpana wa mbele kwa kiganja, kwa nguvu zake zote. Tarumbeta ikarudi nyuma. Mimi nikabaki pale pale, na meno yangu mawili ya mbele yakaenda na tarumbeta. Okeny akatazama, akacheka kidogo, akalala kwenye benchi.

Bandmasta alikuja mbio. Aliona damu, akaona Okeny anakoroma, akafikiri upesi. Okeny alikuwa na mke aliyejifungua mapacha karibuni. Ripoti ikiandikwa, anafukuzwa, na familia inatoka kwenye nyumba ya kambi.

"Adriko," akasema, "umeanguka kwenye ngazi za kantini. Umesikia? Umeanguka."

Nilikubali. Kinywa kilikuwa kimejaa pamba na sikuweza kubishana. Lakini kantini yetu ilikuwa banda la mabati katikati ya uwanja tambarare. Haikuwa na ngazi hata moja. Na hakuna mkubwa aliyeuliza, kwa hiyo nami nikawa mtu aliyeanguka kwenye ngazi ambazo hazipo.

Siku ya pili Okeny akaja hospitali. Amenyoa, amevaa vizuri, macho mekundu, mkononi ana kichane cha ndizi za bogoya zilizoiva, laini, za mtu asiye na meno.

"Pole sana, Adriko," akasema. "Bambi. Ngazi zile zitakuja kuua mtu."

Nikamtazama. Nikasema moyoni, huyu si binadamu, huyu ni shetani mwenye viatu vya kambi. Ndizi nikazila, maana nilikuwa na njaa.

Kwa wale ambao bado mnajifunza: tarumbeta inaegemea mdomo, na mdomo unaegemea meno. Yakitoka ya mbele, mdomo unakosa ukuta. Nilijaribu mara nyingi. Karatasi ya Bandmasta haikukaa kabisa, ilianguka kama inanikataa. Basi nikapewa ngoma kubwa, na Okeny akawa tarumbeta ya kwanza.

Ngoma kubwa nayo ina elimu yake. Usiipige katikati, hapo inatoa sauti ya mlango. Piga pembeni kidogo, halafu uachie kirungu kirudi chenyewe. Kwenye mazishi unaivisha kitambaa cheusi na unapiga kwa kusikitika, lakini usisikitike mpaka ukachelewa. Zamani ilikuwa ya ngozi, mvua ikinyesha inalegea na lazima uote nayo moto jikoni, wapishi wanakutukana. Siku hizi ni plastiki, hailegei. Na mpiga ngoma kubwa anatembea nyuma. Bendi yetu ilipangwa hivyo kwamba mbele yangu moja kwa moja, gwaride baada ya gwaride, mazishi baada ya mazishi, alikuwa anatembea Okeny.

Shingo ya Okeny naijua kuliko uso wa mke wangu. Najua makovu yake ya ndui. Najua lini amenyolewa na kinyozi mzuri na lini amenyolewa na mkewe. Kila alipoinua tarumbeta kupiga solo, shingo ile ilikuwa inajikaza, na mimi nilikuwa naipiga ngoma. Watu walinisifu kwamba Adriko anapiga kwa moyo. Ni kweli, nilikuwa napiga kwa moyo.

Na shida kubwa ya Okeny ni kwamba alikuwa mtu mwema. Siku moja tunapanda Makindye na msafara, mkanda wa ngoma ukakatika. Ngoma ikaniponyoka ikaanza kuteremka yenyewe, ikapita kina mama wa sokoni, ikapita mbuzi, ikaenda kusimama ndani ya lundo la matoke. Bendi ikaendelea mbele bila mdundo. Aliyetoka kwenye mstari akakimbia kuifuata alikuwa Okeny, na adhabu ya kutoka kwenye mstari aliijua. Akairudisha begani, akaipangusa, akanifunga mkanda kwa kamba ya kiatu chake.

"Tembea polepole," akaniambia. "Miguu yako na mambo ya kuanguka, wewe mwenyewe unajua."

Nilisema asante. Nilitaka kumpiga na kirungu, lakini kirungu kilikuwa kwenye matoke.

Baadaye Okeny akaokoka. Ulikuwa mkutano wa nje, uwanjani, alikwenda kusikiliza bendi yao tu. Akarudi bila waragi na hakuonja tena. Sasa ninyi wa siku hizi mnaokoka mnapiga picha. Walokole wa wakati wetu walikuwa na kazi ngumu zaidi: ukiokoka, lazima utengeneze. Unamfuata kila uliyemkosea, mahali alipo, unaitaja dhambi yako kwa jina, unaomba msamaha, na yeye anakujibu kwa mdomo wake. Huruhusiwi kusema "kama nimekukosea." Unasema ulichofanya. Na mtu akiogopa kwenda peke yake, awe anakwenda kuomba msamaha au kuutoa, ndugu mmoja anamsindikiza mpaka mlangoni. Walilishika sana jambo hilo.

Basi nikasikia Okeny anapita nyumba kwa nyumba. Amemwendea mpishi, amemwendea fundi viatu. Nikajua zamu yangu inakuja. Nilivaa shati safi. Alinikuta kwenye stoo ya vyombo, akavua kofia.

"Ndugu Adriko, nimekuja kutengeneza."

"Tengeneza," nikasema.

"Nilikula chapati yako ile siku ya Jinja, nikasema ni mbwa."

"Nimekusamehe."

"Dawa yako ya kung'arishia shaba, nilikuwa naitumia."

"Nilijua. Nimekusamehe."

"Na nilisema mbele za watu kwamba mke wako anatia chumvi kama anazika samaki."

"Hilo mwambie mwenyewe. Mimi nimekusamehe. Endelea."

"Ni hayo, ndugu." Uso ulikuwa unang'aa kama amevishwa cheo. "Bwana asifiwe! Sasa moyo wangu mwepesi."

Akanikumbatia, akaondoka. Mimi nikabaki na shati langu safi.

Nilifika nyumbani sijiwezi. Mke wangu Hadija ni Mnubi, Mwislamu, binti wa askari, amekulia kambini na hakuna la kambi linalomshangaza. Nikamweleza yote: chapati, dawa, chumvi.

"Na meno?" akauliza.

"Hakuyataja."

Hadija akacheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, Baba Safia, huyo mtu amekuosha mikono akasahau mwili mzima."

Tangu siku hiyo nilimhesabu Okeny mnafiki, na nikamchukia vizuri kabisa, kwa utaratibu. Nasema wazi kwa sababu mtakutana nayo: chuki haikufanyi uwe mbaya sana kwa watu. Nilikuwa nakula naye, nilimzika naye mama yake kule Gulu. Ila kanisani, kwenye ile sala aliyotufundisha Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nilikuwa nakohoa. Kila Jumapili, pale pale. Mama mmoja wa kwaya alinihurumia akawa ananiletea tangawizi.

Tukastaafu. Mimi nikabaki Makindye, Okeny akajenga Namuwongo, karibu na reli. Nikasema angalau sasa nitapumzika na ile shingo. Halafu kanisa likapata vyombo, mkaanzishwa ninyi, na mchungaji akatuita wote wawili: Okeny afundishe tarumbeta, mimi ngoma. Siku ya kwanza tukajipanga, nikainua macho, shingo ile ile mbele yangu, sasa ina mvi.

Sasa njooni Kikuubo. Nilikwenda kutafuta mkanda mpya wa ngoma, na kama mnavyojua, Kikuubo huwezi kusimama, unabebwa na watu mpaka unapofika. Nikabebwa mpaka duka la mpwa wake Bandmasta Swaleh, na mzee mwenyewe, wakati huo bado yu hai, nikamkuta amekaa katikati ya magunia ya sukari, anakunywa chai, amekuwa mdogo lakini sauti bado ya gwaride.

"Okeny hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo, Afande. Bado anajifanya."

"Anajifanya nini?"

"Kwamba hajui aliyenivunja meno."

Mzee akaweka kikombe chini. "Adriko. Hajui."

"Hajui vipi, Afande, na mkono ni wake?"

"Asubuhi ile aliamka akaniuliza kofia yake iko wapi. Hakumbuki kitu, hata alivyofika kwenye benchi. Nikamwambia Adriko kaanguka ngazini, yuko hospitali. Akalia kama mtoto, akaenda kutafuta ndizi. Nikaona mtu analia tayari, nimwongezee nini?"

"Mimi nilidhani ulimwambia baadaye."

"Na mimi nilidhani umemwambia wewe," akasema Bandmasta. "Mmeishi pamoja muda wote huo, mlikuwa mnaongea nini?"

Nilisahau kununua mkanda. Vijana, nilikuwa na hasira ambayo sijui niiite nini. Nilikuwa nimenyang'anywa mnafiki wangu. Ndizi zile zilikuwa ndizi kweli. Pole ile ilikuwa pole kweli. Nilikuwa nimemchukia mtu anayenipenda, na yeye hana habari, na meno bado hayapo.

Nikamwambia Hadija kwamba kesho namwendea Okeny mbele ya watu wote, namweleza. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa.

"Umeshamsamehe?"

"Akishajua na akalia, nitamsamehe."

"Ukimwambia ili alie, huo si msamaha, hiyo ni bili," akasema. "Ukitaka kumpelekea bili usizungukie kanisani, mpelekee tu."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Wa chakula. Kaa ule."

Sikumwambia. Nikaendelea kukohoa. Nikimwambia, namvunja mzee ambaye amekaa na amani yake na Mungu akijua ametengeneza kila kitu. Nisipomwambia, nazikwa na kikohozi. Sikuona njia ya tatu.

Halafu binti yangu Safia akapata kazi nzuri akaninunulia meno. Ya bandia, meupe kuliko yangu ya kweli. Siku niliyoyavaa nilijitazama kwenye kioo, na kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa nyama choma. Niliwaza tarumbeta. Niliingia stoo ya kanisa peke yangu nikaichukua moja, nikaiweka mdomoni. Ikatoa upepo tu. Mdomo ulikuwa umesahau kila kitu, na wa kunifundisha upya alikuwa mtu mmoja tu katika kilima kizima. Nilikaa juu ya ngoma yangu nikalia. Nilitaka kupuliza tena kabla sijafa, na sikuweza kwenda kujifunza kwa Okeny nikiwa na lile jambo ndani yangu.

Jumatano ile kwenye ushirika wa alasiri nikasimama. Walokole wakageuka kunitazama, maana sijawahi kusimama.

"Kuna mtu alinivunja meno," nikasema. "Nimemchukia mpaka chuki imezeeka pamoja nami. Nataka kumsamehe kama Yesu alivyonisamehe mimi, na siwezi. Niombeeni."

"Amina!" akasema Okeny, kwa sauti kuliko wote.

Waliniombea. Tulipotoka nje Okeny alinishika mkono, ameumia kabisa.

"Ndugu! Kumbe hukuanguka?"

"Sikuanguka."

"Banange! Na umenyamaza muda wote! Nani huyo mnyama? Yu hai?"

"Yu hai."

"Yuko hapa Kampala?"

"Yuko."

"Basi twende," akasema Okeny. "Leo leo. Unaogopa, naona. Nakusindikiza mpaka mlangoni kwake."

Nilitazama juu, nikatazama chini. "Haya," nikasema.

"Ni upande gani?"

"Namuwongo."

"Ah, bahati nzuri! Ni njia ya kwangu."

Tukateremka. Nilimwambia tupande boda, akakataa, akasema jambo la namna hii linaendewa kwa miguu na kwa maombi. Tukapita Kabalagala yeye anaomba kwa sauti, watu wanatupisha. Alimwombea yule mnyama moyo laini. Alimwombea asitukane tukifika. Alimwombea hata mkewe, asije akamzuia mlangoni. Mimi kila kona nilikuwa napanga kugeuka. Nilifikiria kugonga nyumba yoyote, nimsamehe mtu yeyote, turudi.

"Ni jirani yangu?" akauliza tulipokaribia reli.

"Karibu sana na wewe."

"Yule wa mahindi ya kuchoma?"

"Hapana."

"Yule mwenye baa?" Hakusubiri jibu. "Nilijua tu. Ana macho mabaya."

"Si yeye. Tembea."

Kwenye reli nikasimama kama nasubiri treni. Treni haikuwepo. Niliomba, na maombi yangu yalikuwa mafupi: Bwana, mimi siwezi, kinywa changu unakijua. Tumia miguu. Nikavuka. Nikasimama mbele ya geti la bluu.

"Tumefika," nikasema.

Okeny akatazama geti. Akatazama kushoto, kulia.

"Hapa kwangu."

"Ndiyo."

"Mkwe wangu?"

"Okeny, mkwe wako alikuwa hajazaliwa."

Treni sasa ikaja yenyewe, ya mizigo, ndefu, tukasubiri ipite. Ilipokwisha kupita, sauti ya Okeny ilikuwa imebadilika.

"Kantini," akasema.

"Kantini."

"Lakini Bandmasta alisema ngazi."

"Kantini ile ilikuwa na ngazi?"

Akafumba macho. Nilimwona anatembea kule, anatafuta. Anaingia kwa mlango, anatoka, anazunguka banda lote la mabati. Hakukuta ngazi. Akakalia dumu la maji lililokuwa pale getini, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Hadija alikuwa sawa. Nilikuwa nimeyangoja machozi yale sehemu kubwa ya maisha yangu, na yalipokuja sikuwa na haja nayo hata kidogo. Nilitaka tu anyamaze.

"Nimekusamehe," nikasema.

"Ngoja," akasema Okeny. "Sijaomba." Akapiga magoti kwenye vumbi, polepole, goti moja halafu jingine. "Ndugu Adriko, mimi Okeny nilikuvunja meno mawili. Nikachukua solo yako, nikakaa nayo mpaka tukastaafu. Na nikakuletea ndizi. Nisamehe."

"Ndizi zilikuwa tamu," nikasema. "Nimekusamehe. Yote. Kwa jina la Yesu."

Nilingojea kikohozi. Hakikuja.

Nikapiga magoti nimwinue, na hapo nikagundua kwamba mimi pia siwezi kuinuka. Mkewe, Mama Apiyo, akafungua geti akakuta wazee wawili wamepiga magoti wameshikana wanalia.

"Mmepoteza nini?" akauliza.

"Meno," nikasema.

Alitupa mkono mmoja mmoja, akatutia ndani, tukala. Chumvi ilikuwa nyingi, nikanyamaza.

Somo langu la kwanza lilikuwa Jumamosi iliyofuata, mnalikumbuka, mlikuwepo mkichungulia dirishani. Okeny alinipa kipande cha karatasi akanisimamisha ukutani. "Anza mwanzo," akasema. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikapuliza. Karatasi ilikaa. Meno yakaruka yakagonga ukuta. Okeny akayaokota, akayaosha, akanirudishia bila kucheka, na najua ilimgharimu. Sasa nayabana kwa ulimi, na nimefika tarumbeta ya tatu, upande wa wanaojifunza, kati ya Safari na dada yake ambao umri wao ukiujumlisha haunifikii nusu. Noti za juu bado zinanikimbia. Sina haraka nazo.

Jumapili ya kwanza niliyoruhusiwa kupuliza na bendi, nilikwenda stoo nikiwaza nani atabeba ngoma. Nilikuta Okeny ameshajifunga mikanda. Nikamwambia mgongo wako mbovu, acha, tutampa kijana. Akasema, "Lete kirungu." Anaipiga katikati, inatoa sauti ya mlango, nimemwambia na hasikii.

Kwa hiyo siku hizi tukipanda Makindye yeye ndiye yuko nyuma yangu. Nami nikienda kwa kinyozi namwambia anyoe huko nyuma vizuri, asiache kitu, maana kuna ndugu yangu anapaangalia.